Docker inagoma kuwaka ndani ya WSL2, naombeni ushauri kabla sijafuta kitu

fundi_kodi: Wakuu habari za jioni. Nina laptop ya Windows 11, ram 8GB, ndani nimeweka Ubuntu 22.04 kwa WSL2 (ile ya kuendesha Linux ndani ya Windows) na Docker (inayoendesha programu ndani ya maboksi yake, yaani konteina) nimeinstali humohumo Ubuntu, sio Docker Desktop, naona ile nzito kwa ram yangu. Mwanzo ilikuwa inasema mashine haijawashwa na systemd (inayowasha huduma za Linux), nikaongeza systemd=true chini ya [boot] kwenye /etc/wsl.conf nikapiga wsl --shutdown, hilo likaisha. Sasa inajaribu kuwaka inaanguka, inajaribu inaanguka, mwisho inaandika "Start request repeated too quickly". Nimeshaitoa na kuirudisha mara tatu. Kuna jamaa kaniambia nifute /var/lib/docker yote nianze upya ila humo kuna database ya Postgres ya duka la mteja, mauzo ya miezi mitano na bekapu sina. Nina wasiwasi sana jamani.

mzee_wa_seva: Mkuu usiguse hilo folda!! Volyumu zako (sehemu konteina zinapotunza data) zinakaa /var/lib/docker/volumes, ukifuta ndo basi. Kuitoa docker-ce kwa apt hakugusi humo kwa hiyo data bado ipo, tulia. Na huo ujumbe sio ugonjwa wenyewe, ni systemd imechoka kujaribu, kosa lipo juu yake. Piga journalctl -xeu docker.service au sudo dockerd (unaiwasha Docker kwa mkono), bandika mistari ya mwisho hapa.

dada_linux: Cheki na wsl -l -v, ikisoma 1, yaani WSL ya kwanza, hapo hakuna kerneli (moyo wa mfumo) ya Linux kabisa, Docker haitawaka hata ufanyeje.

fundi_kodi: Inasoma 2 dada. Logi inasema "failed to create NAT chain DOCKER" halafu iptables 1.8.7 "Failed to initialize nft: Protocol not supported".

mzee_wa_seva: Haya tumempata. Docker ikiwaka inatengeneza daraja la docker0 na sheria za NAT (za kupitishia mtandao wa konteina kwenye mashine) ili konteina zipate mtandao, na kazi hiyo inaipa iptables, programu ya Linux ya kupanga sheria za mtandao. Ubuntu 22.04 iptables yake inapitia nf_tables (njia mpya ya sheria hizo, ndo hiyo nft ya kwenye logi), sasa kerneli unayotumia sio ya Ubuntu, ni ya WSL, na hiyo yako nf_tables haiielewi, ndo maana dockerd inakufa palepale. Irudishe kwenye njia ya zamani:

sudo update-alternatives --set iptables /usr/sbin/iptables-legacy
sudo update-alternatives --set ip6tables /usr/sbin/ip6tables-legacy
sudo systemctl reset-failed docker
sudo systemctl start docker

Ya tatu usiiruke, inafuta ile hesabu ya kuanguka. Baadaye fanya na wsl --update upate kerneli mpya.

fundi_kodi: IMEWAKA!!! docker volume ls naiona volyumu ya duka, nimewasha konteina mauzo yote yapo mpaka ya jumamosi. Mzee Mungu akubariki sana, nilikuwa nishaanza kuwaza nitamwambia nini yule mama.

dada_linux: Hongera kaka, ila usilale hivyohivyo. Piga pg_dump (bekapu ya database ya Postgres) sasa hivi, halafu toa Ubuntu nzima kwa wsl --export Ubuntu-22.04 D:\duka.tar ukiwa PowerShell. D iwe flash au diski ya nje, sio laptop hiyohiyo.

fundi_kodi: Dump tayari dada. Flash niliyonayo ni 4GB haitoshi kwa hiyo tar, kesho asubuhi naenda kununua ya 64.