Gari linanuka kuungua nikikaa foleni, fundi anataka kufungua injini. Naombeni ushauri

Mama Nasra
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota IST, injini ya 1NZ. Huu ni mwaka wa tatu ninalo na halijawahi kunisumbua. Wiki tatu zilizopita lilianza kutoa harufu ya kuungua. Likiwa kwenye mwendo sisikii kitu. Nikiingia foleni ya Kimara likasimama dakika tano hivi, harufu inajaa ndani mpaka Nasra anaziba pua huko nyuma. Ni harufu nzito, inakaba koo, kama karai la chipsi ambalo mafuta yake yameshachoka. Moshi sijauona, na kwenye dashibodi hakuna taa iliyowaka.

Nililipeleka gereji. Fundi akafungua boneti, akawasha, akasikiliza kama dakika mbili, akasema ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe. Laki tisa, gari lilale siku nne. Hiyo laki tisa sina, na hata ningekuwa nayo roho inasita, maana hakupima chochote. Watoto nawapeleka shule kwa gari hili kila asubuhi. Ninachoogopa kuliko vyote ni moto. Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Msafiri wa Kati
Pole sana dada. Usikubali kufunguliwa injini kwa maneno matupu. Ringi zikiisha gari linatoa moshi wa bluu nyuma kwenye ekzosi, hasa ukikanyaga mafuta. Wewe harufu yako iko mbele. Oili umepima?

Mama Nasra
Nimepima asubuhi hii, gari limelala usiku kucha mahali tambarare. Wakati wa sevisi, wiki sita zilizopita, oili ilikuwa alama ya juu kabisa. Leo iko kidogo tu juu ya alama ya chini. Chini ya gari sakafu ni kavu, hakuna tone.

Fundi Mstaafu
Mama Nasra, hapo umetupa kitu cha kushika. Oili inapungua, sakafu kavu, harufu ya mafuta yaliyochoka. Mimi nasema oili inavuja juu ya injini na kuungulia kwenye ekzosi kabla haijafika chini. Lakini tusikimbilie hukumu kama mwenzetu wa gereji.

Kwanza tuijue harufu yenyewe, kwa sababu pua ya mwenye gari ni kipimo kizuri sana akifundishwa. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ikivuja kwenye injini ya moto inatoa harufu tamu, kama sukari inayoungua kwenye sufuria, na maji kwenye chupa ya akiba yanashuka. Mkanda unaoteleza unanuka mpira na mara nyingi unapiga kelele asubuhi. Breki iliyoganda inanuka kwa ukali karibu na tairi moja, na rimu ya tairi hilo inakuwa moto kuliko nyingine. Ya plastiki au waya ndiyo mbaya kuliko zote, atakuja mtu wa umeme aieleze. Ikinuka mayai viza, angalia betri kama inachajiwa kupita kiasi, au ekzosi.

Jaribio la bure: ukiwa foleni na harufu imeanza, weka hewa izunguke ndani, usivute ya nje. Harufu ikipungua ndani ya dakika chache, inatoka kwenye injini. Ikibaki vilevile au kuongezeka, chanzo kiko humo humo kabini.

Na sababu ya kuisikia ukisimama tu ni hii: gari likikimbia, upepo unaisukuma harufu chini na nyuma. Likisimama, joto linapanda juu, na tundu la kuvutia hewa ya kabini liko pale penye waipa, nyuma tu ya injini. Kwenye 1NZ ekzosi iko upande wa nyuma, karibu kabisa na tundu hilo. Ndiyo maana mnaipata yote.

Waya Mwekundu
Mimi ni fundi umeme wa magari. Ikiwa ni plastiki inayoungua, usiendelee na safari hata kilomita moja. Simama, zima, vua waya wa hasi kwenye betri. Na nawaomba sana ndugu zangu, fyuzi ikikata msiweke kubwa zaidi ili "isikate tena". Fyuzi imekata ili waya usiungue. Ukiweka kubwa, kitakachoungua safari nyingine ni waya. Kwa maelezo ya dada lakini, hii si ya umeme.

Mwana wa Likoni
Hapa Mombasa gari yangu ilininukia wiki nzima, makanika watatu hawakuona kitu. Mwishowe nikalala chini mwenyewe na tochi, nikakuta nailoni ya kufungia mzigo imegandia kwenye bomba la ekzosi, nusu imeyeyuka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku huku tangu 2017, lakini nailoni za mizigo bado zazagaa barabarani. Mwambie mtu achungulie chini kwanza, haina gharama.

Mama Nasra
Ahsanteni mno. Jana jioni nimejaribu ile ya hewa. Harufu ilianza, nikaweka izunguke ndani, kama dakika tatu ikawa imeisha. Nikarudisha ya nje, ikarudi. Mdogo wangu amechungulia chini, hakuna nailoni. Sasa nitajuaje inavujia wapi? Nikifungua boneti naona kote vumbi na utelezi.

Fundi Mstaafu
Vumbi na utelezi ndilo tatizo. Oili ya zamani inaficha mpya. Fanya hivi Jumamosi, injini ikiwa imepoa kabisa. Funika alteneta, boksi la fyuzi na zile koili za plagi kwa mfuko wa nailoni. Safisha kuzunguka kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, kwa sabuni, brashi na kitambaa. Petroli usitumie, watu wameunguza magari kwa mtindo huo. Pakauke. Kisha chukua poda ya mtoto, nyunyiza nyembamba kwenye ungio kati ya kava na silinda hedi iliyo chini yake, pande zote, bila kumwaga kwenye mikanda. Zungusha gari dakika ishirini, rudi, zima, lipoe, angalia kwa tochi. Pakavu patabaki peupe. Panapovuja poda italowa na kuwa rangi ya chai, na utaona mchirizi umetoka wapi. Angalia sehemu ya juu kabisa iliyolowa, siyo ya chini. Oili inashuka, haipandi.

Na kuhusu moto, hofu yako ni ya haki. Oili ikidondoka nyingi kwenye ekzosi ya moto inaweza kushika. Ukiona moshi kwenye boneti, weka gari pembeni, zima, watoto washuke kwanza na wasogee mbali. Boneti usiipandishe wazi, hewa inaulisha moto. Zimamoto ni 114. Mtungi wako wa kuzimia moto uko mahali unapoufikia, au umefukiwa chini ya mizigo?

Mama Nasra
Ulikuwa chini ya tairi la akiba. Nimeutoa, uko chini ya kiti changu sasa, nimeufunga usibiringike.

Msafiri wa Kati
Vizuri sana. Ukiwa unasubiri Jumamosi, ongeza oili ifike juu, aina ileile uliyowekewa. Ikishuka chini ya alama ndipo injini itakufa kweli.

Mama Nasra
Mrejesho wa Jumapili. Poda imesema kweli. Kava yote nyeupe, isipokuwa kona ya nyuma upande wa dereva. Pale palikuwa na mchirizi mwembamba kama uzi wa kushonea, umeshuka hadi kwenye bati linalofunika ekzosi, na bati lenyewe lina doa jeusi linalong'aa.

Kaka yangu akaniletea fundi mwingine. Alipofungua kava tukakuta gasketi, ile raba ya kuziba ungio, imekuwa ngumu kama plastiki, ukiikunja inakatika. Kumbe kuna mtu aliwahi kupaka silikoni nyekundu juu yake badala ya kuibadilisha, na silikoni imemeguka vipande. Gasketi mpya 28,000, ufundi 30,000. Laki tisa ilikuwa ifanye nini, sijui.

Fundi Mstaafu
Kona hiyo ndipo kava ya cheni inapokutana na silinda hedi. Pana mwanya mdogo, ndiyo maana hapo tu panatakiwa tone la silikoni pamoja na gasketi mpya. Sehemu nyingine zote gasketi peke yake inatosha. Alifuta ile nyekundu yote? Vipande vikidondokea ndani vinaziba njia ya oili. Na PCV, ile vali ndogo ya kutolea presha ndani ya injini, ameiangalia? Ikiziba, presha inajaa ndani ya injini na hata gasketi mpya itaanza kuvuja. Itikise, inatakiwa ilie kachakacha.

Mama Nasra
Silikoni aliikwangua yote, alikuwa ameziba mashimo kwa kitambaa. PCV sikuijua, nimempigia akarudi. Imeganda, haikulia kabisa. Ameweka nyingine. Ila leo asubuhi harufu bado ipo kidogo, nimeanza kuogopa tena.

Fundi Mstaafu
Usiogope. Ni ile oili ya zamani iliyobaki kwenye bati, inamalizikia kuungua. Ipe siku mbili tatu. Ikizidi wiki, rudia poda.

Kijana wa Chalinze
Wakuu, samahani nachelewa. Vitz yangu ina dalili hizi hizi. Dada, ilishaisha kweli?

Mama Nasra
Imeisha mdogo wangu. Siku ya tatu sikuisikia tena, na leo ni wiki mbili. Oili nimepima asubuhi, iko palepale alama ya juu. Jana tumekaa Kimara karibu nusu saa, hewa ya nje inaingia, na Nasra alilala njia nzima. Anza na poda, kisha uandike hapa ulichokiona.