Harusi ya watu 60 Lushoto: tuchague nyumbani kwa bibi, hoteli yenye bustani au Irente?

Binti Usambara ameuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa, na shikamoo kwa waliotutangulia. Mimi na mchumba wangu tunaishi Dar es Salaam na tunatarajia kufunga ndoa mwakani. Sote ni Wakatoliki. Kwetu ni Gare, Lushoto, na yeye kwao ni Kibosho, Kilimanjaro. Tumekubaliana kwamba hatutaki harusi ya ukumbi wa mjini yenye wageni mia nne, kadi za singo na dabo, na foleni ya kutoa zawadi hadi usiku wa manane. Tunataka watu 60 tu, yaani wazazi, ndugu wa karibu na marafiki wanaotufahamu kweli, tule nao na tuzungumze nao.

Tumebaki na sehemu tatu. Ya kwanza ni nyumbani kwa bibi mzaa mama, Gare, ambako kuna uwanja wa nyasi uliozungukwa na migomba. Ya pili ni hoteli ndogo yenye bustani nje kidogo ya mji wa Lushoto. Ya tatu, na huko ndiko moyo wangu uliko, ni pale ukingoni Irente, ambapo tungefunga ndoa jioni jua linapozama huku tambarare ya Mazinde ikionekana kule chini. Mama anasisitiza nyumbani kwa bibi, naye mchumba wangu anaihofia barabara ya kutoka Mombo, kwa kuwa wazazi wake ni wazee. Naomba mawazo ya waliowahi kuandaa shughuli huko milimani.

Katibu wa Kamati amejibu:

Marahaba, na hongereni. Kabla hujalipia chochote, litenganishe suala la ndoa na suala la sherehe, kwa sababu umeyachanganya na yana wenyewe tofauti. Kwa Wakatoliki wawili, Kanuni ya 1118 ya Sheria za Kanisa inaelekeza ndoa ifungwe katika kanisa la parokia. Mahali pengine panahitaji ruhusa, na mahali ambapo si kanisa wala kikanisa panahitaji ruhusa ya askofu. Sijawahi kuona ruhusa hiyo ikitolewa kwa sababu ya mandhari. Kwa hiyo Irente kama mahali pa kufungia ndoa iondoe katika hesabu, ubaki nayo kama mahali pa kupigia picha. Nawe una bahati ambayo wengi hawana: misheni ya Gare ilianzishwa na watawa Watrapisti tangu mwaka 1897, na ni kwenu. Kwa kuwa mnaishi Dar es Salaam, mtahitaji ruhusa ya paroko wenu wa huko, vyeti vya ubatizo vilivyotolewa upya, na matangazo ya ndoa kusomwa kanisani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla.

Jambo la pili ni michango, ambayo hukuitaja. Idadi ya wageni wako haitaamuliwa na ukubwa wa bustani bali na daftari la mweka hazina. Mkiunda kamati na kuchangisha watu mia mbili, hao mia mbili wana haki ya kuketi mezani, hata mkifanyia harusi juu ya mti. Mkitaka watu 60, basi jigharimieni wenyewe pamoja na wazazi, au chukueni michango ya hao 60 peke yao, na mlitangaze jambo hilo mapema ili asiwepo atakayedhani amesahauliwa.

Mghosi wa Milimani amejibu:

Dada yangu, naomba niseme ya kwetu bila kuficha: Usambaani hakuna harusi ndogo ya nyumbani. Ukisimamisha turubai moja tu kwa bibi yako, habari itafika sokoni kabla kamba hazijakazwa, na majirani watakuja, si kwa uroho, bali kwa sababu asiyekuja huhesabiwa kuwa ana kinyongo. Akina mama watafika tangu jana yake na visu vyao kumenya ndizi na kukata vitunguu, vijana watachota maji na kupasua kuni, na huwezi kumwambia mtu aliyekupasulia kuni kwamba jina lake halimo katika orodha yako ya watu 60. Kwa hiyo sehemu unayoiona kuwa ya faragha kuliko zote ndiyo isiyo na faragha hata kidogo.

Hata hivyo, usimnyime mama yako. Fanyeni misa saa nne asubuhi, kisha mwende kwa bibi mkale pilau na kijiji kizima, bila kadi, bila mshereheshaji, bila ratiba ndefu. Wazee wawabariki, watu washibe, na kufikia saa tisa iwe imekwisha. Baada ya hapo ninyi na wageni wenu 60 mteremke hotelini kwa chakula cha jioni. Gharama ya pilau ya kijijini ni ndogo kuliko mnavyodhani, kwa sababu wapishi ni shangazi zako na sufuria kubwa huazimwa kanisani au kwenye vikundi. Ndoa iliyofungwa Gare pasipo Gare kula itasemwa hadi mtakapobatiza mtoto wa tatu.

Mama Sufuria amejibu:

Mimi ni mpishi wa shughuli, nami nataka kuzungumzia hoteli, kwa kuwa ndipo mtakapoishia. Swali la kwanza msiulize bei. Ombeni kuoneshwa chumba cha ndani kinachoweza kuwaketisha wageni wote 60 na meza zao. Bustani ya Lushoto ni nzuri mpaka ukungu ushuke, na ukishuka, vitambaa vya meza hulowa bila hata tone la mvua kuonekana. Nilipika katika hoteli moja, ambayo siitaji, iliyokuwa na bustani ya kupendeza na ukumbi wa watu ishirini. Mvua ilipoanza, bwana harusi alikula akiwa ameshika sahani mkononi chini ya baraza, na jenereta waliyotuahidi ikawa haina mafuta.

Kuhusu tarehe, msithubutu Machi hadi Mei, kwa kuwa wakati wa masika maporomoko ya udongo huweza kuifunga barabara ya Mombo, na mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba nazo ni za kubahatisha. Januari na Februari hali ya hewa huwa njema, lakini tazameni Kwaresima inaanza lini. Juni hadi Agosti ni kukavu ila baridi yake itawatesa wageni wa Dar watakaokuja na magauni ya mikono wazi. Ningekuwa mimi, ningechagua Septemba.

Barabara yenyewe ni ya lami, kilomita 33 hivi kutoka Mombo, ila kona zake ni kali na upande mmoja ni korongo. Kodini Kosta yenye dereva aliyezoea mlima, wazee wakae mbele, na mpange kupanda mchana, siku moja kabla. Halafu ulizeni kama hoteli inaruhusu mpishi na vinywaji kutoka nje, maana wakwe zako kutoka Kibosho hawatakubali harusi isiyo na ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, na ndafu huhitaji moto, mchomaji na uvumilivu wa mwenye bustani. Wakileta mbege, pombe yao ya ndizi, waambie wasikaze vifuniko vya madumu, kwa kuwa huendelea kuchacha njiani na kwenye kona za Soni itawamwagikia. Na tafadhali msinunue kabichi Kariakoo kuzipandisha Lushoto zilikotoka.

Binti Usambara ameuliza tena:

Nawashukuru sana. Mama amesoma jibu la Mghosi na amecheka, akasema huyo lazima ni mtu wa nyumbani. Tatizo lililobaki ni bibi: magoti yake hayawezi safari ya pili jioni, nami sitaki chakula cha jioni bila yeye.

Mghosi wa Milimani amejibu:

Basi bibi asitembezwe. Yeye awe mwenyeji wa mchana: muwekeeni kiti chake barazani, na yale ambayo mngeyafanya usiku yeye akiwepo, yaani kukata keki, kuwalisha wazazi na kumkabidhi zawadi yake, yafanyeni hapo kwake. Usiku yabaki maongezi, ndafu na muziki, ambavyo nina hakika hata angekuwepo angeviacha saa mbili akalale. Picha za Irente zipigeni kesho yake asubuhi, kabla Kosta haijateremka.

Katibu wa Kamati amejibu:

Nakubaliana naye. Nendeni kwanza kwa paroko wa Gare mkapate tarehe kwa maandishi, kisha ndiyo mlipe kianzio cha hoteli, na katika mkataba waandike idadi ya vyumba, ukumbi wa ndani na mafuta ya jenereta.