Viza ya Ujerumani: nikishafika naweza kutoa hela ya Sperrkonto nimrudishie mjomba?

Mkulima wa Turiani

Wakuu, salaam. Nina jambo linaninyima usingizi na siku zinakimbia.

Nilimaliza kilimo Sokoine, na tangu hapo niko huku Turiani nahudumia wakulima wa miwa wanaopeleka kiwandani Mtibwa. Nimepata barua mbili za kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili Ujerumani, zote kwa Kiingereza. Moja Göttingen, nyingine Hohenheim kule Stuttgart. Masomo yanaanza Oktoba.

Kinachonikwamisha ni ile akaunti ya kuonyesha una hela ya kujikimu, wanayoiita Sperrkonto. Ubalozi unataka euro 11,904 ziwe zimeshaingia humo. Kwa bei ya benki ya juzi ni karibu milioni 35. Mimi nimedunduliza milioni 13. Mama ameuza kiwanja chake cha Dakawa, ametoa 9. Zilizobaki mjomba yuko tayari kunikopesha. Ana mashine ya kukoboa mpunga, na hiyo ndiyo hela yake ya kununulia mpunga msimu ukifika, kwa hiyo sharti lake ni moja: Desemba iwe imerudi mkononi mwake.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nikifika tu naitoa namtumia, halafu naishi kwa kazi. Nimesoma kwamba mwanafunzi anaruhusiwa siku 140 kwa mwaka, na kima cha chini tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Saa 8 mara siku 140 mara 13.90 inakuja 15,568. Nikaona inatosha na inabaki.

Naomba mliotangulia mniambie kama hesabu hii imesimama. Na kati ya vyuo hivyo viwili, kipi kina nafuu? Halafu Februari natimiza miaka 30, nimesikia bima ya afya inabadilika kwa umri. Asanteni.

Kibaha Kwetu

Mkuu hongera sana. La vyuo ni jepesi. Hohenheim iko jimbo la Baden-Württemberg, na jimbo hilo tangu 2017 linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Mihula minne ni euro 6,000. Göttingen iko Niedersachsen, hakuna ada ya masomo kwa kozi za kawaida, unalipa mchango wa muhula tu na ndani yake mna usafiri. Kwa mfuko wako mimi nisingefikiria mara mbili.

La mjomba namwachia anayeishi huko aliseme.

Binti Pangani

Kaka, kabla hujampigia tena mjomba wako nisome mpaka mwisho. Nakuandikia kutoka Göttingen hapahapa. Nilifika Oktoba 2023, nimemaliza uzamili, sasa niko kwenye ile miezi 18 wanayokupa baada ya kuhitimu utafute kazi.

Hela ya Sperrkonto huitoi ukifika. Imefungwa, na jina lake ndilo linasema hivyo. Kila mwezi wanakuachilia euro 992 mpaka miezi 12 iishe. Milioni 13 za mjomba ni kama miezi minne na zaidi ya mgao huo, tena bila wewe kula wala kulala. Desemba utakuwa umepokea migao miwili, labda mitatu. Umempa mjomba ahadi ambayo benki haitakuruhusu kuitimiza, na mpunga haumsubiri mtu. Mwambie leo.

Sasa nikusimulie mwaka wangu wa kwanza, kwa sababu na mimi nilikuja na hesabu kama yako kwenye karatasi.

Wakati wangu kiwango kilikuwa 11,208. Wanakipandisha kufuatana na posho ya wanafunzi wa Kijerumani, kwa hiyo angalia ukurasa wa ubalozi siku ileile unayotuma. Baba na kikoba cha mama ndio walionichangia. Nikaenda benki Tanga, nikatuma 11,208 kamili, sikuongeza hata moja. Ikafika 11,183. Benki za katikati zilikata euro 25 njiani. Cheti cha kuthibitisha akaunti hakitoki mpaka kiasi kitimie, na mimi miadi yangu ya ubalozi pale Umoja House ilikuwa wiki inayofuata. Nikarudi benki kutuma euro 25, na makato ya kuzituma yakazidi zenyewe. Cheti kilitoka Ijumaa jioni, miadi ilikuwa Jumatatu asubuhi. Usiku ule wa basi Tanga hadi Dar sikufumba jicho, kila mara nafungua bahasha naangalia kama jina langu limeandikwa sawa na pasipoti. Wewe ongeza euro mia juu. Itakayozidi utarudishiwa pamoja na mgao.

Dirishani yule mama alipitia karatasi moja moja kwa kidole: barua ya chuo, vyeti, bima ya safari, cheti cha akaunti, barua ya kueleza kwa nini nataka kozi hii. Nikalipa euro 75 kwa shilingi. Halafu akaniuliza, kwa upole tu, "Na baba yako hizi hela anazihitaji lini?" Nilimjibu kwamba ni zawadi, hazirudi, na ilikuwa kweli. Wewe ungejibu nini?

Ukishatua, migao haianzi siku hiyo. Kwanza upate anwani, uende ofisi ya wakazi ukaiandikishe, na karatasi hiyo wakupe. Kwa karatasi hiyo unafungua akaunti ya kawaida ya benki. Ndipo Sperrkonto inakuwa na pa kumwagia. Mimi mgao wangu wa kwanza, euro 934 kwa kiwango cha wakati ule, niliuona tarehe 2 Novemba, na nilikuwa nimekuja na euro 400 mkononi. Chumba cha bweni kilitaka dhamana na kodi ya mwezi. Siku hizo karibu thelathini nililishwa na dada mmoja Mrundi wa korido yetu, kila jioni ananigongea mlango, "Karibu ule, na kesho usipike." Sitamsahau. Lakini usije ukimtegemea mtu ambaye hujamjua bado. Uwe na euro 1,500 za pembeni, nje ya Sperrkonto.

Kazi. Nilianza kuitafuta wiki ya pili, nikaipata mwishoni mwa Januari. Kozi ni ya Kiingereza, mji ni wa Kijerumani. Mahali pote palipoandikwa wanatafuta watu waliniuliza kama nazungumza Kijerumani, na mimi nilikuwa najua kuhesabu na kusalimia. Aliyenichukua ni mwenye duka la mikate, kuosha trei nyuma jikoni. Zamu ilikuwa saa kumi alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na saa nne na robo niko darasani nanuka hamira. Zamu mbili kwa wiki, kima cha chini wakati huo 12.41, mwezi ukiisha napata euro 530 na kitu. Zamu ya tatu niliijaribu muhula ule, nikafeli takwimu. Nikaiacha.

Siku 140 ni kikomo cha sheria. Hakuna aliyekuahidi kwamba mwajiri atazijaza, na kozi ya uzamili haikuachii siku 140 nzima nzima. Halafu zina namna yake ya kuhesabiwa ambayo lazima uijue. Zamu isiyozidi saa nne ni nusu siku. Ikizidi hapo, hata kwa dakika, ni siku nzima. Mimi nilikuwa naandika zamu yangu ya saa tano kama nusu, mpaka mwenzangu mmoja Mmisri akanionyesha kosa. Nilipata ubaridi mgongoni. Zamani zilikuwa siku 120 nzima au nusu siku 240. Tangu tarehe 1 Machi 2024 ni 140 au 280, na wameongeza njia ya kuhesabu kwa wiki. Ukifanya kazi isiyozidi saa 20 wakati wa masomo, wiki hiyo inahesabiwa siku mbili na nusu tu. Wakati wa likizo za chuo hata ukifanya wiki nzima, inahesabiwa mbili na nusu vilevile. Inachukuliwa njia inayokufaa wewe. Kwa hiyo mavuno ya mwanafunzi ni Februari, Machi, Agosti na Septemba. Muhula weka zamu mbili, likizo jaza.

Nina daftari la kurasa 48, lipo hapa mezani. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jumla, na sahihi ya bosi kila mwisho wa mwezi. Nilipokwenda kuongeza kibali cha ukaazi niliulizwa nimefanya kazi siku ngapi, nikalifungua.

Kazi za chuoni, kama kumsaidia profesa maabara, hazikatwi kwenye hizo siku. Mtu wa kilimo kama wewe ziwinde tangu siku ya kwanza. Na usikubali kazi ya kujiajiri, kama kusambaza chakula bila mkataba wa ajira. Hiyo inahitaji ruhusa nyingine ya ofisi ya wageni.

Bima: bei ya mwanafunzi kwenye bima ya umma ni mpaka mwisho wa muhula unaotimizia miaka 30. Kwako ni tarehe 31 Machi. Inakaribia euro 150 kwa mwezi. Kuanzia Aprili unaendelea humohumo kwa hiari, lakini inavuka 200. Iweke kwenye hesabu. Usidanganyike na bima rahisi ya binafsi ukifika, maana ukishajiondoa kwenye ya umma hurudi mpaka umalize masomo.

Mkulima wa Turiani

Dada, nimesoma mara tatu. Ya mwisho nimemsomea mama kwa sauti. Amenyamaza kidogo, akasema, "Mjomba wako tungemuua kwa njaa."

Nimempigia. Sikuzunguka, nimemwambia hela haitarudi Desemba wala mpunga ujao. Ameshukuru nimesema mapema. Anasema anaweza kutoa 5 ambazo hazina tarehe, nilipe nikishaajiriwa. Zilizobaki bado sina.

Kuna jamaa Dar ameniandikia pembeni baada ya kuona swali langu. Anasema anakujazia akaunti kwa asilimia kumi, cheti unapata ndani ya siku tatu, viza ikitoka anachukua hela yake. Huyu vipi?

Wa Trans Nzoia

Ndugu, kimbia. Kama hela inakaa akaunti iliyofungwa kwa mwaka mzima, yeye ataichukuaje viza ikitoka? Basi cheti chenyewe ni cha kughushi, na atakayekuwa dirishani nacho ni wewe. Karatasi moja bandia inakuharibia jina kwa maombi yote yanayokuja.

Mimi niko Kitale na nilinyimwa viza Agosti 2025, tena bila kudanganya chochote. Barua yangu ya kueleza nia ilikuwa nimeinakili kutoka kwa kakangu, haikuonyesha kozi inaungana vipi na kazi yangu ya maziwa. Kakangu alipokataliwa miaka ya nyuma aliandika barua ya malalamiko ubalozini, wakaifikiria upya bure. Nikafanya vivyo hivyo. Nikajibiwa kwamba utaratibu huo umefutwa dunia nzima tangu tarehe 1 Julai 2025. Sasa ni mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja, ama uombe upya na ulipe upya. Niliomba upya. Barua ya pili niliandika mwenyewe usiku mbili, juu ya ng'ombe wa akina mama wa chama chetu na ugonjwa wa kiwele unaowapotezea maziwa. Nimepata. Naondoka Septemba.

Kwa hivyo andika juu ya miwa yako. Wewe ndiye unayeijua.

Binti Pangani

Wa Trans Nzoia kasema yote kuhusu huyo jamaa. Mfungie.

Kaka, una milioni 27 sasa. Kuna milango miwili halali. Kwanza, si lazima yote iwe Sperrkonto. Ukipata ufadhili hata wa sehemu, barua ya mfadhili inahesabiwa na wewe unafunga kilichobaki, ila waandikie ubalozi kwanza wakuthibitishie. Pili, mtu anayeishi Ujerumani na mwenye kipato cha kutosha anaweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake kusaini kwamba atabeba gharama zako. Hiyo inambana kisheria kwa miaka, kwa hiyo usimwombe mtu unayemjua kijuujuu. Una ndugu yeyote huku?

Mkulima wa Turiani

Ndugu sina. Lakini mama amenikumbusha pikipiki na zile ekari mbili za miwa zinazovunwa Julai. Kiwanda kikilipa kwa wakati na pikipiki ikauzwa vizuri, najaza kabla ya Agosti. Hizo 1,500 za pembeni ndizo sijui zitatoka wapi.

Barua nimeanza upya. Ya kwanza nilikuwa nimeandika kuhusu mabadiliko ya tabianchi duniani. Hii inaanza na shamba la bibi mmoja wa Kunke ambaye miwa yake ilikaa siku tisa imekatwa bila kuchukuliwa, tukaangalia uzito unashuka.

Binti Pangani

Hiyo ndiyo barua. Na bweni omba leo, usisubiri viza. Kuomba hakugharimu kitu na foleni ni ndefu.

Mkulima wa Turiani

Nimeomba jana usiku, dada. Wamejibu niko kwenye orodha, nithibitishe kila mwezi kwamba bado nahitaji chumba. Nimeandika ukutani tarehe za kuthibitisha, mpaka Oktoba.