Mrejesho: kereng'ende wekundu wa Andalusia

Wakuu, niliuliza namna ya kuwatofautisha kereng'ende wekundu niliokuwa nawaona likizoni kusini mwa Hispania. Asanteni sana! Ushauri wa kuachana na rangi ya mwili na kutazama miguu na macho ndio uliofanya kazi. Mmoja alitua juu ya tete, hatua mbili tu kutoka nilipochuchumaa: miguu myekundu mitupu, tumbo pana lililobapa, doa la rangi ya kaharabu kwenye shina la bawa la nyuma. Crocothemis erythraea, ambaye hata kwetu Afrika yupo. Mwenye macho ya bluu upande wa chini na miguu myeusi yenye mstari wa njano ni Sympetrum fonscolombii. Majike wamenishinda: wote njano-kahawia, na picha nilizopiga kwa juu hazionyeshi miguu.