Kanisa la mbao la Borgund, Norwei: limesimamaje miaka zaidi ya 800?

seremala_tanga
Wakuu, habari za jioni. Nimeona picha za kanisa la kijijini Borgund kule Norwei: jeusi tii, mapaa yamepandana, juu vichwa vya joka vimechomoza. Wanasema ni la mwaka 1180 hivi na ni mbao tupu. Mimi nguzo ya mvule nikiichimbia, najua itaanza kuliwa palepale usawa wa ardhi. Hao walitumia mti gani? Na ni kweli halina misumari ya chuma?

mkaa_wa_milimani
Siri ni lami, mkuu. Si hii ya barabarani. Visiki na mizizi ya misonobari huchomwa kwa moto wa taratibu, hewa imebanwa, mpaka inachuruzika. Hiyo ndiyo hupakwa ukutani na kwenye vigae vya mbao, na hurudiwa tena na tena. Weusi ule ni lami.

mama_bergen
Lami inasaidia sana, lakini peke yake isingetosha. Fundi, mimi naishi Bergen, na marehemu baba alikuwa fundi wa majahazi Pangani. Nilipofika Borgund wanangu walikimbilia kutazama majoka, mimi nikainama kuangalia chini.

Kazi yote iko pale chini. Makanisa ya mbao ya mwanzo nguzo zake zilichimbiwa, zikaoza kama zako. Mashimo yake yamekutwa chini ya makanisa yaliyofuata, Urnes likiwemo. Ndipo mafundi wakabadili. Wakapanga mawe, juu yake wakalaza boriti nne nene zinazopishana, ncha zimetokeza nje, na nguzo zikasimama juu ya boriti. Hakuna nguzo inayogusa udongo. Mbao za ukuta zimesimama wima, huu una mfereji ubavuni, ule una ulimi, na kuzunguka nje kuna baraza lililoezekwa linalokinga ukuta na mvua. Mti ni msonobari, ule moyo wake uliojaa utomvu. Viungo ni mbao kwa mbao na vigingi vya mti. Chuma tafuta mlangoni.

Ndani ni giza, mwanga unaingia kwa vitundu vya mviringo huko juu. Inua macho utaona nguzo zimefungwa kwa mbao zilizokatizana, ule msalaba wa Mtakatifu Andrea, na kanisa lenyewe ni la Andrea. Pembe zake zimeshikwa na vipande vya mti uliojipinda wenyewe, pale shina linapokutana na mzizi. Hapo nilimkumbuka baba, maana taruma la jahazi nalo hutafutwa hivyohivyo porini, halipindwi kwa nguvu. Ukutani kuna maandishi ya rune, herufi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya, yaliyokwaruzwa na wapita njia. Mmoja ameandika Ave Maria tu.

Ila fundi, tusidanganyane: Borgund hakuna mchwa. Kwetu mchwa atajenga njia yake hata juu ya jiwe, kwa hiyo jiwe litakuokoa na unyevu, mchwa utamshughulikia mwenyewe.

mwl_kilosa
Dada, kama ni imara hivyo, mbona Norwei nzima yamebaki 28?

mama_bergen
Mwalimu, mengi yaliangushwa na watu. Mwaka 1851 ilipitishwa sheria kwamba kanisa liweze kuingiza walau watu 3 katika kila 10 wa parokia. Haya ni madogo, basi yakavunjwa, mengine mbao zikauzwa. Miaka kumi kabla ya hapo, mchoraji J. C. Dahl alikuwa ameshalinusuru lile la Vang likasafirishwa hadi Karpacz, ambako leo ni Poland. Mwaka 1844 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kuhifadhi majengo ya kale. Borgund walijenga kanisa jipya jirani mwaka 1868, la zamani likaachwa bila ibada, na mwaka 1877 chama hicho kikalinunua.

Hapa Bergen tulikuwa na la Fantoft. Lilichomwa moto makusudi mwaka 1992, na mpaka leo linaniuma nikipita pale. Lililopo limejengwa upya. Ukibahatika kuja huku, usiishie Fantoft, panda basi mpaka Lærdal, ndiko liliko hili la Borgund.

seremala_tanga
Ahsante sana dada. Una picha ya zile boriti zinapopishana pembeni? Nataka kuona kiungo kimekatwaje.