Mrejesho: hita ya gesi, Wete

Asalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza kama gesi ya mtungi yaweza kumpashia mama maji ya kuoga, maana umeme ukikatika alfajiri huoga ya baridi, na miguu yamuuma. Nimeifunga hita ya gesi. Fundi alikataa katakata kuiweka bafuni: gesi hii, propani na butani, ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini; na ikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa sumu isiyo na harufu. Hita ipo nje, ukutani uani. Siku ya kwanza haikuwaka, maji hayakuwa na nguvu. Tukanyanyua tangi la maji, ikashika: tik-tik-tik, moto wa buluu. Maungio ya gesi tuliyapaka povu la sabuni kutazama kama yavuja, hapana kiputo hata kimoja kilichofura. Leo mama kaoga, kaniombea dua ndefu. Ahsanteni sana.