Tangu hoteli ifungwe, usiku wangu umekuwa mchana: naomba ushauri

Mkaazi wa Wete
Assalamu alaikum. Nilikuwa mhudumu wa hoteli Nungwi hadi Machi 2020, korona ilipowakata wageni, nami nikarejea kwa wazee wangu Pemba. Sina homa wala kikohozi, lakini siko sawa. Nalala saa tisa za usiku, simu mkononi, nikifuatilia habari za maradhi, kisha naamka saa tano za asubuhi na kichwa kizito. Chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari haikauki kikombeni hadi usiku. Barza yetu imevunjika, na kete za bao zimo kwenye kopo uvunguni. Mama anasema nimekuwa mkali. Nianzie wapi?

Muuguzi Mstaafu, Chake Chake
Waalaikumu salaam, mwanangu. Anza na saa ya kuamka, kwani usingizi hauamriwi. Ukishasali Alfajiri usirudi kitandani. Kae uani jua likichomoza, kwa kuwa mwangaza wa asubuhi ndio unaoiweka sawa saa ya mwili, na usingizi wa usiku hufuata hesabu hiyo. Siku za mwanzo utasinzia mchana, vumilia. Chai ya mwisho iwe ya alasiri, maana kafeini, kile kichangamsho kilichomo kwenye chai, huchukua takriban saa tano kupungua nusu tu mwilini.

Kijana wa Gombani
Tembea pia, kaka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na hata kubeba maji ya kumwagilia mchicha kunahesabika.

Bwana Tangawizi
Mambo mengi ya nini? Jifukize asubuhi na jioni, korona haitakugusa.

Muuguzi Mstaafu, Chake Chake
Ndugu yangu, tangawizi nami nainywa, ila tusimdanganye kijana. Mvuke wa moto huchoma uso, na si huo wala usingizi mzuri unaofunga mlango wa virusi. Kunawa kwa sabuni na kuepuka msongamano kuko pale pale. Haya mengine ni ya kumfanya aishi na watu nyumbani bila kugombana.

Mcheza Bao
Sisi tunacheza kwa simu, kila mmoja na bao lake. Mashimo yote 32 tumeyapa nambari. Wizi ni mwingi, lakini tunacheka.

Mkaazi wa Wete
Ahsanteni. Katika siku tano nimeamka Alfajiri mara nne. Chai ya usiku bado inanishinda. Bao limetoka uvunguni; kete moja imepotea, nimeweka kokoto.